Dada wa koki za dhahabu arudi Kalinzi bila kamera

Jina lake kapuni, maana akaunti bado ipo, wafuasi bado wapo, na bi mkubwa wake kule Kalinzi hajapoa vizuri mpaka leo. Mtaani kwake Sinza wanamwita dada wa koki za dhahabu. Wengine kwa sifa, wengine kwa kumcheka. Mwenyewe siku hizi akiitwa hivyo anajifanya hajasikia.

Kwa wasiomjua, kazi yake mtandaoni ni nyumba. Siyo majumba ya Masaki, hapana. Vyumba vya kupanga: chumba na sebule, bafu la kuchangia, jiko la koridoni. Anachukua kitu kilichochoka, anakipiga picha kikiwa hoi, anakishughulikia, anakipiga picha tena. Kabla na baada. Stuli, kioo, mlango wa kabati, hata ndoo. Watu wanapenda, maana wengi wanaishi hivyo hivyo, na kuona kitu cha elfu 5 kimegeuka kama cha hotelini kunampa mtu moyo wa kuvumilia kodi.

Basi akapata mchumba. Kijana wa Kigoma mjini, mpole, naye anahangaika na maisha Dar. Wazee wakazungumza kwa simu, wakakubaliana upande wa mwanaume wapande Kalinzi kuleta barua ya posa.

Wanaoijua njia hiyo wanajua neno "kupanda" halijatumika kwa mapambo. Ukitoka Kigoma mjini unapita Mwandiga, kisha gari linaanza kukwea milima kuelekea Manyovu, mpakani na Burundi. Joto la ziwani linabaki nyuma. Ukifika Kalinzi unatafuta sweta. Migomba na mibuni imekaribia madirisha ya watu, asubuhi ukungu umelala juu ya mabati, na msimu wa kahawa ukichanganya kila uwanja una kahawa imeanikwa. Nyumba ya kwao huyu dada ni ya tofali za kuchoma, ilijengwa kidogo kidogo. Msimu huu ukuta, msimu ujao bati, msimu mwingine sakafu. Baba yake aliijenga hivyo mpaka akaimaliza, na kitu cha mwisho alichoweka kabla hajafariki ni maji ya ndani. Koki tatu: moja uani, moja jikoni, moja bafuni. Alizinunua Mwanga, Kigoma mjini, akapanda nazo kwenye gari amezipakata mapajani, hakutaka ziende kwenye buti.

Miaka ikapita. Koki zikachakaa, kama unavyojua koki. Ile nyeupe ya kung'aa ya bafuni ikaanza kuonyesha mabaka ya manjano. Shingoni kukaota ukijani. Mdomoni gamba jeupe, gumu kama simenti. Maji yanatoka vizuri tu, lakini ukiitazama inatia huruma.

Dada akafika wiki tatu kabla ya wageni na chupa mbili za rangi ya kupuliza, rangi ya dhahabu. Akapiga "kabla". Na hapa ndipo pa kukumbuka, kwa sababu stori yote inarudi hapa: ile "kabla" aliipiga kwa karibu sana. Gamba, ukijani, kona ya bafu yenye ukungu, ndoo iliyopasuka mdomo. Juu yake akaandika maneno matatu: aibu ya kijijini. Na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Halafu akafuta koki kwa kitambaa, akafunika ukuta kwa gazeti, akapuliza. Hakufungua hata nati moja. Dakika 40 koki zote tatu zinawaka kama za hotelini. "Baada." Klipu ikaenda kasi kuliko kitu chochote alichowahi kuposti, duka moja la Dar likamtumia laki tatu aseme rangi ni ya kwao, naye akarudi mjini anatabasamu.

Mtu anaweza kuuliza kosa liko wapi, si kapaka tu rangi? Ngoja kwanza tujue koki ni nini. Koki nzuri ya zamani ndani yake ni brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ile nyeupe ya kung'aa unayoiona juu siyo koki, ni nguo. Kiwandani wanaivika nikeli kwanza, halafu juu ya nikeli wanaweka kromu, nyembamba ajabu, chini ya maikroni moja. Unywele wa binadamu una maikroni 70 hivi. Sasa kromu ni ngumu na laini kama kioo, na ndiyo maana inapendwa, uchafu haushiki. Lakini rangi nayo haishiki! Ukiipulizia juu ya kromu bila kukwaruza na msasa, bila rangi ya chini ya kushikia, inakaa pale kama mgeni aliyeketi pembeni ya kiti. Sabuni ikipita, mkono ukipita, maji ya moto yakipita, inaaga. Zile koki za dhahabu za madukani, zile za bei mbaya, hazikupakwa rangi kabisa. Zinavikwa utando wa metali ndani ya chumba kilichonyonywa hewa. Hiyo huwezi kuifanya uani.

Na kosa kubwa zaidi: alipuliza mpaka ndani ya mdomo wa koki ya jikoni. Pale maji ya kunywa yanapotokea.

Siku ya barua ikafika. Wageni saba. Shangazi wa kijana ndiye mkubwa wa msafara, mama wa maneno machache, kitenge kimepigwa pasi mpaka kinakata. Salamu zikaenda kama zinavyoenda kwa Waha, hazina haraka, unaulizwa habari ya kila mtu na kila kitu. Chai ikaletwa. Bi mkubwa alijaza birika kwenye koki ya jikoni kama kawaida yake. Shangazi akapokea kikombe, akakitazama, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Juu ya chai palikuwa na vipande vitatu vidogo, vinametameta.

"Huku kwenu mnakunywa dhahabu?"

Watu wakacheka. Kicheko kizuri tu, cha ugeni, hakuna aliyekasirika. Bi mkubwa naye alicheka, akachukua chupa ya chai, akaenda kumwaga, akachota maji uani, akaanza upya. Mambo yangeishia hapo. Lakini kwenye msafara kulikuwa na kijana mdogo, binamu wa mchumba, naye akapiga kofi la paja: "Kumbe ndiyo zile koki!" Akatoa simu. Klipu ikachezwa. Simu ikazunguka sebule nzima, mkono kwa mkono, mpaka ikafika kwa mwenye nyumba.

Alikuwa hajawahi kuiona. Simu yake ni ya kubonyeza, mambo ya Instagram anayasikia tu. Aliangalia bafu lake, gamba lake, ndoo yake. Akasoma maneno matatu taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Akairudisha simu. "Asante, mwanangu." Akauliza nani aongezewe chai.

Barua ilipokelewa. Tarehe ya mahari ikapangwa, wiki tano mbele. Wageni wakasindikizwa mpaka barabarani. Usiku, vyombo vimeshaoshwa, ndipo bi mkubwa akasema, na alisema mara moja tu.

"Baba yako alizileta zile koki amezipakata. Zilikuwa na uchafu, nakubali. Ungeniambia, mama, njoo tusugue, ningekataa? Ukaona uende ukawaambie watu."

Dada akajitetea, si unajua tena: mama, ni mambo ya mtandaoni tu, kila mtu anafanya, kabla lazima iwe mbaya ili baada ipendeze. Bi mkubwa hakujibu. Akalala.

Asubuhi dada akapanda gari kurudi Dar. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye yuko nyumbani na mama, akampigia. Habari za kahawa, habari za mbuzi, na mwisho kabisa, kama kitu kisicho na uzito: "Mama hatumii tena koki ya jikoni. Wala ya bafuni. Anachota uani na ndoo, kila siku. Nikimwambia nimchotee anasema ana mikono." Hata ile ya uani alikuwa ameikwangua mdomo kwa kisu kwanza.

Mwanamke wa umri ule, nyumba ina maji ndani, anavuka uani na ndoo alfajiri kwenye baridi ya Kalinzi. Usiku ule dada alifuta klipu. Laki tatu alikuwa ameshatumia nusu, akarudisha iliyobaki na kuomba muda kwa nyingine. Wenzake wa mtandaoni walimwona chizi. Siku tatu baadaye alikuwa kwenye basi la Kigoma, ana mkoba wenye misasa ya namba nne tofauti, mikate miwili, na simu iliyozimwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na kamera?"

"Hapana, mama."

"Kuna ugali."

Kazi ilichukua siku nne. Kupuliza dakika 40, kuondoa siku nne, wadau fanyeni hesabu wenyewe.

Kitu cha kwanza ni kufunga maji kwenye koki kubwa inayotokea barabarani, halafu kuzifungua zile ndogo ziishe presha. Nyumba yao inatumia maji ya mserereko, yanashuka yenyewe kutoka mlimani, hayana pampu, lakini yakikushtukia huku umefungua bomba utaoga bila kupenda. Fundi bomba wa pale jirani akawaazima spana ya bomba na spana malaya (msamehe, ndiyo jina lake hilo, hata watoto wa shule wanalitaja bila kucheka). Akawafundisha kuweka kitambaa kati ya meno ya spana na koki, maana meno yakishika brasi yanaacha kovu la maisha. Koki zikatoka. Kichujio cha mdomoni, mpini, lile shina linalozunguka ndani, na ile washa ya mpira, vyote vikawekwa kwenye sahani kwa mpangilio, mdogo wake akavichora kwenye daftari kujua nini kinarudi wapi. Kichwa kina akili kile.

Zikiwa mezani zimefunguliwa, akapita kijana wa vyuma chakavu na baiskeli yake. Akapima kwa mkono tu, akataja bei. Brasi ina soko, na hata sehemu hizi biashara ya shaba si ngeni: karne ya 19 misafara iliyofika Ujiji ilibeba masango, yale makoili ya waya wa shaba, na mtu alinunua chakula na kulipa hongo kwa hayo. Kijana akaongeza bei. Akasema koki mpya mjini ni rahisi, zinang'aa kuliko hizi. Fundi bomba ndiye aliyemjibu. Hizo rahisi nyingi siyo brasi, alisema, ni aloi ya zinki imevikwa kromu. Ukikaza sana inakatika shingo, na ikikatika usiku unaamka unaogelea. Akaishika ya bafuni, akaisugua na tupa mahali pasipoonekana. Chini kukatoka manjano. "Hii ni brasi mpaka moyoni. Mnauza baba yenu?" Mwenye baiskeli akaondoka.

Rangi ya dhahabu ilitoka kirahisi kuliko walivyodhani. Sufuria kuukuu isiyopikiwa tena, maji, vijiko kadhaa vya magadi, koki zikachemka juu ya mafiga kama maharage. Nusu saa hivi. Rangi ikavimba, ikabanduka kwa vipande, na pale ilipong'ang'ania ilitolewa kwa stilwaya na thina kidogo. Hapo mdogo wake aligomba, na alikuwa sahihi: chupa ya thina ilikuwa hatua mbili kutoka kwenye moto. Ikahamishiwa upande wa pili wa nyumba.

Nguo ya dhahabu ilipovuka, zikaonekana kumbe ni koki tatu tofauti.

Ya uani haikuwahi kuwa na kromu. Ilikuwa brasi tupu tangu siku ya kwanza, imekuwa ya kahawia kwa umri. Hiyo ni msasa mlaini, dawa ya kung'arishia, imekwisha. Ya jikoni nayo ilikuwa nzima! Kromu yake karibu yote ipo, ilikuwa na gamba la chokaa tu na uchafu. Kwa hiyo rangi ilipakwa juu ya kitu kizuri. Kitambaa kilicholoweshwa siki kikafungwa mdomoni kama bandeji ya kidole, nusu saa, gamba likalainika, likatoka kwa mswaki. Kromu haitaki msasa wala stilwaya, ukiikwaruza umeimaliza. Ikasuguliwa kwa kitambaa na sabuni, basi. Dada aliishika muda mrefu. Dakika 30 za siki, na yeye alipanda basi kutoka Dar kuja kuipaka rangi.

Ya bafuni ndiyo ilikuwa kesi. Kromu imebaki visiwa visiwa, kingo zake zimeinuka na zina makali kama wembe, dada alikatwa kidole mara mbili. Kuirudishia kromu nyumbani haiwezekani, na mtu akikwambia anafanya uani kwake mkimbie. Kazi ile inataka umeme na beseni la kemikali za kromu ambazo ni sumu na zinaleta saratani. Watu wengine hutumia asidi ya betri au asidi ya kusafishia vyoo kuila kromu iliyobaki. Nayo ni hatari kwa macho na mapafu. Na hata siki au ndimu yenyewe, usiithubutu kuichanganya na Jik, inatoa hewa ya klorini, bafu dogo linatosha kukuua. Njia iliyobaki ni ya jasho: kuivua kromu yote kwa msasa na kuiacha koki ibaki brasi.

Lakini kwanza akafanya kosa lingine, maana haraka ni ugonjwa wake. Aliitumbukiza kwenye maji ya ndimu kuondoa ukijani, jambo zuri, kisha akaenda kulala. Inatakiwa dakika 30, ukizidi sana saa moja. Asubuhi koki ilikuwa imetoka ya pinki. Asidi imekula zinki ya juu ikaacha shaba peke yake. Akadhani ameiharibu kabisa. Fundi bomba akaigonga, akaikwaruza, akasema pinki hii ni ya juu juu tu, msasa utaipata. Ingekuwa imeoza yenyewe kwa miaka ndani ya bomba, imepauka na inamong'onyoka, hiyo angemwambia aitupe.

Msasa ukaanza. Namba 120 kwanza, halafu 240, halafu 400, mwisho 1000, na wote kwa maji. Maji siyo ya urembo. Yanazuia vumbi lisiruke, na vumbi la kromu na nikeli si la kuvuta. Brasi nyingi za zamani zina madini ya risasi kidogo pia, waliyaweka ili ichongeke vizuri. Kwa hiyo kitambaa puani, mikono inaoshwa kabla ya kula, yale maji machafu hayamwagwi kwenye mchicha. Kila namba mpya ya msasa unasugua kukatiza mistari ya ile iliyotangulia, ukiiona mistari ya zamani imekwisha ndiyo unahama. Ukiruka namba, utang'arisha mikwaruzo yako ikae inawaka milele.

Siku ya pili yote ilikwisha na nusu ya koki. Nikeli ni mbishi. Vidole vikavimba. Bi mkubwa alikuwa kibarazani anachambua kahawa, anatupa mbovu upande huu na nzima upande huu, hatazami. Hakusema kitu siku ya kwanza, wala ya pili.

Siku ya tatu, mchana, dada alikuwa amefika namba 1000 na ameshika chupa ya Brasso. Inapaka, inafutwa, inatoa weusi, lakini kwenye mikunjo ya shingo, pale mpini unapoungana, mng'ao unakataa. Amejaribu dawa ya meno. Amejaribu mswaki. Akaiweka chini, akainamisha kichwa.

"Leta."

Ilikuwa ndiyo sauti ya kwanza ya mama tangu lile neno la ugali. Alikuwa ameshasimama. Akaenda jikoni, akarudi na majivu kwenye kibakuli, akayachekecha kwenye kitambaa chepesi mpaka yakabaki laini kama unga wa muhogo. Akakamulia ndimu kidogo. Akachana uzi wa katani, akauchovya, akauzungusha shingoni mwa koki na kuanza kuvuta huku na huku, huku na huku, kama mtu anayekata mti kwa uzi. Ambaye hajaona sufuria za huyu mama zilizopangwa ukutani hawezi kuelewa. Chini zimeungua moto wa kuni miaka 20, na unaweza kujitazama ukafunga kilemba. Angekuwa na akaunti, watu wangekoma.

Dakika kumi shingo ikawaka.

"Ungeuliza," akasema.

Wakaendelea wawili, mama na majivu, binti na kitambaa. Na ndipo maneno yakaanza kutoka, siyo yote, vipande. Kwamba ile ndoo iliyopasuka mdomo ndiyo aliyomuogeshea dada akiwa mchanga, kwa hiyo hawezi kuitupa. Kwamba siku baba alipofunga koki ya bafuni aliifungua na kuifunga mara nyingi mpaka akaambiwa ataimaliza. Kwamba jirani mmoja, baada ya klipu ile, alimuuliza kwa wema kabisa kama wanawe wanamsaidia. Hilo la jirani ndilo lililomuumiza, siyo kicheko cha wakwe. Dada alikuwa anasugua, hakuinua macho. Alisema "nisamehe, mama" huku anaangalia koki. Mama akamwambia pale bado pana doa.

Brasi tupu haikai inang'aa yenyewe, hewa na vidole vinaitia weusi. Jirani mwingine akashauri wapake mawese, Kigoma mawese hayakosekani, wakajaribu kwenye ya uani. Ikanata vumbi, na siku iliyofuata mafuta yenyewe yameanza kugeuka kijani, maana tindikali ya mafuta inaila shaba. Yakasafishwa kwa sabuni. Kilichofaa ni nta ya nyuki. Koki inamwagiwa maji ya moto ipate joto, inafutwa kavu, nta inapitishwa nje inayeyuka kidogo, kisha unasugua kwa flana mpaka isinate tena.

Siku ya nne zikarudi mahali pake. Washa mpya zikakatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, tepu nyeupe ikazungushwa kwenye nyuzi kwa kufuata upande zinapokazwa, vitambaa kwenye meno ya spana. Maji yakaachiwa yatiririke dakika kadhaa kusafisha mabaki yote, na fundi akawaambia hata siku za kawaida, yaliyolala ndani ya koki usiku yamwagwe kidogo kabla ya kujaza birika. Kisha mama akaingia jikoni na birika. Akafungua. Akajaza. Alifunga kwa vidole viwili, akaenda kuteleka chai, hakusema lolote, na ile ndoo siku hiyo ilibaki uani imejiinamia.

Siku ya mahari shangazi alikwenda kunawa bafuni. Alikaa huko kidogo kuliko inavyohitajika. Akatoka anajifuta mikono, akauliza fundi wao ni nani, maana na yeye ana koki mbili Kigoma zinamtia aibu. Neno lile lile. Sebule ikanyamaza sekunde moja. Bi mkubwa akasema fundi yupo, lakini ana gharama, na kwanza alete ndimu zake mwenyewe. Wakacheka wote wawili, na mazungumzo ya ng'ombe na pesa yakaendelea vizuri, kiasi hakiwahusu wadau.

Klipu haijafa, bahati mbaya. Aliifuta kwake, lakini akaunti nyingine zilishaibeba, na mpaka sasa kuna moja inazunguka ikiwa imewekewa muziki. Kila mara anaomba itolewe, wengine wanatoa, wengine wanamjibu kwa vikatuni. Wafuasi wanamuuliza koki za dhahabu ziliishia wapi, na yeye hajibu. Picha ya koki za sasa hajaposti hata moja. Ameacha pia ile tabia ya kupiga "kabla" bila kumuuliza mwenye nyumba, na kuna kazi mbili amezikosa kwa sababu hiyo.

Harusi ni baada ya msimu wa kahawa. Juzi mdogo wake alimtumia ujumbe wa sauti wa sekunde 12. Nyuma anasikika jogoo, kisha bi mkubwa anaongea karibu sana na simu, kama kawaida ya watu wazima:

"Ya bafuni imeanza kufifia. Majivu yapo. Unakuja lini?"